Namna ya Kuandika Maelezo ya Spishi Mpya ya Buibui wa Misitu ya Tao la Mashariki

Milima ya Tao la Mashariki huanzia Taita nchini Kenya, ikapita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge kusini mwa Tanzania. Kwa jumla huhesabiwa kuwa safu 13. Kati ya safu moja na nyingine kuna nyanda kavu ambazo buibui mdogo aliyezoea ukungu na majani mabichi hawezi kuzivuka kwa urahisi, na kutengana huko kwa muda mrefu ndiko kulikofanya kila mlima uwe na wanyama wake wa pekee. Mwaka 2003 mtaalamu wa buibui Bernhard Huber alichapisha utafiti kuhusu buibui wa familia ya Pholcidae wa misitu ya milima ya Afrika Mashariki, akaunda ndani yake jenasi mpya, yaani kundi la spishi za ukoo wa karibu, iitwayo Buitinga, na majina kama Buitinga amani na Buitinga mazumbai yanaonyesha wazi spishi hizo zilikotoka. Katika msitu wa Uzungwa Scarp, kwenye milima ya Udzungwa, watafiti waliokusanya buibui waliokomaa zaidi ya 9,000 walipata spishi 170, nyingi zikiwa hazijapewa jina.

Kwa hiyo mwanafunzi wa zoolojia, ofisa misitu au mwalimu wa biolojia anayekusanya kwa utaratibu katika milima hii ana uwezekano mkubwa wa kushika mkononi buibui ambaye bado hajaelezwa na mtu yeyote. Mwongozo huu unamhusu mtu huyo. Kuna kipimo kimoja ambacho ningependa msomaji akizingatie katika kila hatua: je, mtu asiyekufahamu, aliyeshika buibui mwingine miaka 50 baada yako, ataweza kutumia maandishi, michoro na sampuli zako kuamua kwa uhakika kwamba huyu ndiye au siye? Maelezo yasiyowezesha uamuzi huo huwa mzigo kwa watakaofuata, kwa sababu jina likishachapishwa haliwezi kupuuzwa tena.

Hatua ya kwanza: Vibali

Shughuli hii inaanzia ofisini. Nchini Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, na utafiti wa wanyamapori huratibiwa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI. Ukikusanya ndani ya hifadhi ya taifa, kama Udzungwa, unahitaji ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Ukikusanya katika hifadhi ya mazingira asilia, kama Amani au Uluguru, unahitaji ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Serikali ya kijiji kilicho kando ya msitu nayo ijulishwe mapema, tena ana kwa ana. Iwapo sampuli zitapelekwa nje ya nchi, hata kama ni mguu mmoja wa buibui kwa ajili ya kusoma vinasaba, uandaliwe mkataba wa kuhamisha sampuli pamoja na kibali cha kuzisafirisha. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imeweka misingi ya nchi kunufaika na rasilimali zake za kijenetiki, na majarida mengi sasa huwataka waandishi wataje namba za vibali ndani ya makala. Hifadhi nakala za vibali vyote pamoja na daftari la msituni.

Hatua ya pili: Kukusanya

Uainishaji wa buibui hutegemea zaidi viungo vya uzazi, na viungo hivyo hukamilika kwa buibui waliokomaa tu. Buibui mchanga, hata akiwa na rangi ya kuvutia kiasi gani, hafai kuwa msingi wa spishi mpya. Dume aliyekomaa hutambulika kwa palpi zake, vile viungo viwili vifupi vilivyo mbele ya miguu, ambazo ncha zake huwa zimevimba na kuwa na sehemu ngumu zenye maumbo tatanishi. Jike aliyekomaa ana epijini, yaani bamba gumu chini ya tumbo, karibu na mahali tumbo linapoungana na sehemu ya mbele ya mwili, ingawa katika baadhi ya familia bamba hilo halipo. Ukipata buibui ambaye bado kidogo akomae, mfuge katika kopo lenye pamba yenye unyevu, mlishe nzi wadogo, na usubiri ajivue gamba kwa mara ya mwisho.

Usiku ndio wakati wenye mavuno. Tembea polepole ukiwa na tochi ya kichwani, uangalie kwanza kuanzia magotini kwenda juu, kisha urudi katika eneo lilelile na uangalie kuanzia magotini kwenda chini, maana jicho la binadamu haliwezi kutafuta vizuri katika tabaka zote mbili kwa wakati mmoja. Mchana, tandaza kitambaa cheupe chini ya tawi na uligonge kwa fimbo. Chekecha majani yaliyooza. Geuza magogo na mawe, na kila unachogeuza ukirudishe kilivyokuwa. Mitego ya shimo huwanasa madume wanaotangatanga ardhini, ambao mtafutaji wa kawaida huwakosa. Ni vizuri kuhesabu kazi kwa saa, saa moja ya mtu mmoja kwa njia moja ikiwa sampuli moja, ili baadaye uweze kulinganisha msitu na msitu.

Kabla ya kumtia buibui kwenye kichupa, mtazame alipo. Utando wake ni wa duara, wa shuka au wa nyuzi zilizozagaa? Ananing'inia kichwa chini au amejibana kwenye upande wa chini wa jani? Ukinyunyizia maji kidogo utando utaonekana vizuri na utaweza kuupiga picha. Piga pia picha ya buibui akiwa hai, kwa kuwa rangi ya kijani na nyekundu hufifia haraka ndani ya spiriti na haitapatikana tena. Ukiwakuta dume na jike katika utando mmoja, waweke pamoja na uandike hivyo. Taarifa hiyo itakuokolea kazi kubwa katika hatua inayofuata.

Sampuli za kuchunguza umbo huhifadhiwa katika ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Za vinasaba huhitaji ethanoli ya asilimia 96 au zaidi, nayo huwafanya buibui wawe wakavu na wepesi kuvunjika, kwa hiyo ukipata buibui kadhaa wa aina moja wagawe katika vichupa viwili. Lebo iandikwe kwa penseli au kwa wino usioyeyuka katika spiriti, na iwekwe ndani ya kichupa, kwa sababu lebo iliyobandikwa nje hubanduka. Mfano wa lebo inayojitosheleza ni huu:

TANZANIA: Mkoa wa Tanga, Usambara Mashariki, Amani, 5.1012°S 38.6305°E, mita 940, msitu wa asili, utando chini ya jani, sm 60 juu ya ardhi, usiku, kwa mkono, tarehe, jina la mkusanyaji.

Desimali za latitudo na longitudo zina uzito wake. Desimali mbili zinakuacha na kosa linaloweza kufika kilomita moja, na katika milima yenye miteremko mikali kilomita moja yaweza kukutoa kwenye msitu wa asili na kukuingiza kwenye shamba la chai. Desimali nne zinakufikisha karibu mita 11. Andika pia mwinuko, usitegemee kwamba mtu atautafuta baadaye kwenye ramani.

Hatua ya tatu: Kupanga na kuoanisha

Mbele ya hadubini, mimina sampuli katika kisahani chenye ethanoli na uzitenge kwanza kwa familia. Mpangilio wa macho, idadi ya makucha mwishoni mwa miguu, umbo la taya na viungo vya kutolea nyuzi ndivyo vitakavyokuongoza. Katika misitu ya juu utawakuta kwa wingi buibui wa familia ya Linyphiidae, wengi wao wakiwa na urefu wa milimita moja hadi tatu tu. Baadhi ya madume wa familia hii wana vichwa vilivyoinuka au vyenye vishimo ambavyo majike hawana, na tofauti za namna hiyo zimewahi kuwafanya watu wadhani kwamba dume na jike wa spishi moja ni spishi mbili.

Kuoanisha dume na jike kwa sababu tu walipatikana mahali pamoja ni hoja dhaifu, kwani katika mita chache za mraba za majani makavu zinaweza kuishi spishi kadhaa za jenasi moja. Hoja yenye nguvu kidogo ni kuwakuta katika utando mmoja au wakijamiiana. Hoja yenye nguvu zaidi hupatikana pale umbo linapokubaliana na vinasaba. Kipande cha jeni ya COI chenye urefu wa takriban herufi 650 za vinasaba ndicho kinachotumika zaidi kwa wanyama. Mguu mmoja unatosha kukipata, na inafaa miguu ya kupeleka maabara itolewe upande uleule wa mwili kila mara ili ya upande wa pili ibaki kwa vipimo. Usiitegemee tofauti ya COI peke yake kutangaza spishi. Majike wanaotembea kidogo, katika milima iliyotengana, wanaweza kuwa na COI zinazotofautiana sana ilhali palpi za madume wao zinafanana kabisa, na mwandishi mwangalifu hueleza hali hiyo ilivyo badala ya kuharakisha kutoa majina.

Hatua ya nne: Kuthibitisha kwamba hajaelezwa

Hapa ndipo kazi nyingi hupwaya, na ndipo ninapomsihi msomaji asione uvivu wa kukaa muda mrefu. Ukishamjua buibui wako ni wa jenasi gani, orodhesha spishi zote za jenasi hiyo zinazojulikana Afrika, halafu utafute maelezo ya kila moja. Kifaa kikuu ni katalogi ya dunia ya buibui, World Spider Catalog, inayosimamiwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya Bern, Uswisi. Haina malipo, inasahihishwa kila mara, na aliyejisajili anaweza kupakua makala asilia, zikiwemo za karne ya 19. Mwezi Aprili 2022 katalogi hiyo ilifikisha spishi 50,000, na zimeendelea kuongezeka.

Anza na maandiko ya zamani. Buibui wengi wa Afrika Mashariki walielezwa kwa Kijerumani, Kifaransa au Kilatini na wataalamu waliopelekewa sampuli Ulaya bila wao wenyewe kufika msituni. Mswidi Albert Tullgren alichapisha mwaka 1910 kazi kuhusu buibui waliokusanywa na msafara wa Kilimanjaro na Meru wa 1905 na 1906. Roger de Lessert wa Geneva akafuata mwaka 1915 na kazi kuhusu Uganda na Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baadhi ya maelezo ya kipindi hicho hayana mchoro wowote wa viungo vya uzazi, na mengine yalitokana na buibui wachanga. Jina la namna hiyo lingali na haki yake, kwa hiyo huwezi kuliruka kwa sababu tu linakusumbua.

Dawa yake ni kuiona sampuli yenyewe iliyobeba jina. Andikia makumbusho inakohifadhiwa, ueleze unachofanya, na uombe ama kuazimwa sampuli ama kupigiwa picha za palpi na epijini kutoka pande maalumu. Kwa buibui wa Tao la Mashariki, makusanyo muhimu yako Copenhagen, Tervuren nchini Ubelgiji, Berlin na London. Wasimamizi wa makusanyo haya hupokea barua kutoka kila upande wa dunia, na barua fupi inayotaja jina la spishi, mwandishi na mwaka hujibiwa mapema kuliko barua ndefu yenye maombi ya jumla. Mwandikie pia mtaalamu anayeishughulikia familia hiyo hivi sasa. Huenda anaye buibui huyohuyo kabatini kwake na yuko katikati ya kumwandika. Ukijua hilo mapema, mnaweza kuandika pamoja badala ya kuipa spishi moja majina mawili.

Hatua ya tano: Kupima, kupasua na kuchora

Vipimo hutolewa kwa milimita, kwa kawaida hadi desimali mbili. Pima urefu wa mwili wote, urefu na upana wa gamba la mgongoni la sehemu ya mbele, kisha kila kipande cha mguu kwa mpangilio wa femuri, patela, tibia, metatasi na tasi. Urefu wa tumbo hubadilika kwa kushiba na kwa ujauzito, hivyo gamba la mgongoni ndilo kipimo cha kutegemewa unapolinganisha ukubwa. Ukiwa na sampuli nyingi, pima kadhaa na utoe kipimo cha chini na cha juu. Spishi iliyopimwa kwa buibui mmoja huonekana kana kwamba haina tofauti za ndani, na msomaji atakayepata mwenye miguu mirefu kidogo atadhani amepata spishi nyingine.

Palpi ya kushoto ndiyo inayochorwa kwa desturi. Kama ya kushoto imevunjika na umetumia ya kulia, geuza mchoro na useme umefanya hivyo. Ikate kwa kibano chenye ncha kali kwenye kiungo cha trokanta, kile kipande kifupi kilicho karibu na mwili, usiivute, uilaze juu ya mchanga laini au ute wa kunawia mikono ndani ya kisahani cha ethanoli, na uielekeze polepole mpaka uione kutoka chini, kisha kutoka upande wa nje na wa ndani. Kugeuka kwa nyuzi chache tu hubadilisha kabisa linavyoonekana umbo la embolasi, yaani kijiti cha kupitishia mbegu kinachotoka kwenye balbu, ile sehemu iliyovimba ya palpi, na kwa sababu hiyo wengi hujikuta wakiona tofauti ambazo hazipo kati ya michoro miwili. Chagua alama isiyosogea, kwa mfano ukingo wa tibia ya palpi, na uitumie kuweka kila palpi katika mkao uleule kabla ya kuilinganisha na nyingine.

Epijini hukatwa kwa ncha ya sindano nyembamba ikiwa na ngozi kidogo pembeni, kisha misuli na mafuta yanayoficha mirija ya ndani huyeyushwa kwa haidroksidi ya potasi ya asilimia 10 au kwa asidi laktiki. Tazama mara kwa mara wakati wa kuyeyusha, kwa sababu ukizidisha muda hata kuta nyembamba za mirija hupauka zisionekane. Baada ya kusafisha kwa maji, iweke katika mafuta ya karafuu, ambayo huifanya ngozi iwe angavu, ndipo utakapoona vifuko vya kuhifadhia mbegu na njia ya mirija ilivyojizungusha. Chora epijini kabla ya kusafishwa, ikitazamwa kwa chini, na baada ya kusafishwa, ikitazamwa kwa juu. Ukimaliza, irudishe katika kichupa kidogo kabisa, na hicho kiingie ndani ya kichupa cha buibui mwenyewe. Epijini iliyopotea humfanya jike wa holotaipu, yaani sampuli iliyobeba jina la spishi, asiwe na maana.

Kuhusu picha na michoro, maoni yangu ni kwamba kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya kingine. Picha zilizounganishwa kutoka tabaka nyingi za fokasi huonyesha rangi na mng'ao ulivyo, lakini huonyesha pia nywele, uchafu na vivuli kwa uzito uleule. Anayechora kwa mkono analazimika kuamua mstari upi ni ukingo na upi ni kivuli, na uamuzi huo ndio msomaji anaouhitaji. Kila mchoro na kila picha iwe na mstari wa kipimo.

Hatua ya sita: Kuteua holotaipu

Jina la spishi hufungwa kwenye sampuli moja iitwayo holotaipu. Kwa buibui mara nyingi huteuliwa dume, kwa kuwa palpi yake hubeba sifa nyingi za kutofautisha, lakini ikiwa katika kundi unalolishughulikia majike ndio wanaotofautiana zaidi, teua jike. Chagua aliye mzima, mwenye miguu yote na takwimu kamili za mahali. Wengine wa mfululizo huohuo huitwa parataipu. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, toleo la nne la mwaka 1999 lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000, zinataka holotaipu itajwe waziwazi ndani ya makala, na ikiwa ni sampuli halisi, itajwe itahifadhiwa katika mkusanyiko gani na mahali gani. Bila hivyo jina halitambuliki.

Uamuzi wa mahali pa kuhifadhi una uzito kuliko unavyochukuliwa. Holotaipu inahitaji mahali penye msimamizi wa kudumu ambaye ataongeza ethanoli inapopungua na kujibu barua za wanaotaka kuiona. Wakati huohuo, mwanafunzi wa Morogoro au Dar es Salaam hapaswi kuomba viza ili amwone buibui wa Uluguru. Ukiwa na sampuli za kutosha, gawanya parataipu, dume na jike, zibaki katika mkusanyiko wa chuo kikuu au makumbusho ndani ya nchi, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba wa sampuli tangu mwanzo. Likiachwa kuwa ahadi ya mdomo, watu hubadilika na vichupa havirudi.

Hatua ya saba: Jina

Majina ya kisayansi ya wanyama yanahesabiwa tangu mwaka 1758. Kwa buibui kuna jambo la pekee: kazi ya Carl Clerck kuhusu buibui wa Uswidi, iliyotoka mwaka 1757, huchukuliwa kana kwamba ilitoka tarehe 1 Januari 1758, na majina yake yanatangulia hata ya Linnaeus, mwasisi wa utaratibu huu wa majina.

Jina la spishi laweza kutoka lugha yoyote mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini. Mtaalamu wa buibui Charles Griswold aliipa jenasi ya buibui wa Tanzania jina Kubwa, na spishi yake ni Kubwa singularis. Spishi nyingine aliiita Scharffia chinja. Ukitumia jina la mtu mmoja wa kiume kwa utaratibu wa Kilatini, mwisho wake huwa -i, na la mwanamke -ae. Jina la mahali laweza kuwa kivumishi chenye -ensis, ambacho hubadilika na kuwa -ense jenasi ikiwa na jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, au laweza kubaki nomino kama lilivyo katika Buitinga amani, na hapo halibadiliki kamwe. Sema bayana katika makala kwamba ni nomino, ili mwingine asije akalirekebisha. Alama ya ritifaa hairuhusiwi: spishi inayoitwa kwa heshima ya Mang'ula, kwenye makao ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, itaandikwa kwa mangula.

Jina la mlima mzima ni la kupimwa kwa makini. Ukimwita buibui wa kwanza wa jenasi yake kutoka Uluguru kwa jina la Uluguru, na baadaye wakapatikana wengine watatu hukohuko, jina halitasaidia kuwatofautisha. Jina linalotaja sifa inayoonekana, au jina la kijiji au kijito, hudumu na maana yake kwa muda mrefu. Kumpa buibui jina la mkusanyaji msaidizi aliyeujua msitu kuliko sisi sote ni heshima inayostahili, kwa idhini yake. Kumpa jina lako mwenyewe si desturi.

Hatua ya nane: Kuandika

Mpangilio wa kawaida ni huu: jina likifuatiwa na ishara kwamba ni spishi mpya, holotaipu na parataipu pamoja na takwimu zote za lebo, asili ya jina, sifa bainishi, maelezo ya dume, maelezo ya jike, mtawanyiko, kisha makazi na tabia. Sifa bainishi ndicho kiini. Kanuni zinataka maneno yanayoeleza sifa za kuitofautisha spishi. Mchoro peke yake hautoshi. Linganisha sentensi hizi mbili za mfano:

"Buibui huyu ni wa kahawia, mdogo, mwenye miguu mirefu na palpi za pekee."

"Dume anatofautiana na madume wengine wote wa jenasi hii kwa embolasi iliyo fupi kuliko upana wa balbu na yenye ncha iliyogawanyika pande mbili, ilhali kwa spishi inayofanana naye zaidi, embolasi ni ndefu mara mbili ya upana wa balbu na ncha yake ni moja."

Ya kwanza yaweza kuwahusu mamia ya spishi. Ya pili inataja kiungo, kipimo na spishi ya kulinganishwa, na msomaji mwenye hadubini anaweza kuikubali au kuikataa ndani ya dakika tano. Andika sifa bainishi za dume na za jike kila moja peke yake, na kila sifa iwe na namba ya mchoro unaoionyesha. Kama jike hajulikani, sema hajulikani.

Maelezo marefu yanayofuata hueleza pia yale yasiyotofautisha leo, kama rangi, macho, meno ya taya, miiba na nywele za hisi za miguuni, kwa sababu spishi itakayogunduliwa kesho huenda ikatofautiana na yako kwa mojawapo. Onyesha rangi uliyoiona kwa buibui hai na uliyoiona ndani ya ethanoli, bila kuzichanganya. Katika mtawanyiko, andika mahali alipopatikana na pia mahali ulipomtafuta ukamkosa. Anayepanga uhifadhi wa msitu mdogo uliozungukwa na mashamba anahitaji taarifa hizo mbili.

Kanuni hazilazimishi lugha yoyote kwa maelezo, ila zinapendekeza lugha zinazosomwa kimataifa katika zoolojia. Wengi huandika kwa Kiingereza. Majarida kadhaa hukubali ufupisho kwa lugha ya pili, na ningemhimiza kila mwandishi wa buibui wa milima hii aweke ufupisho wa Kiswahili wenye sifa bainishi kamili.

Hatua ya tisa: Kuchapisha

Jina huanza kuwepo siku linapochapishwa kwa kufuata kanuni. Tasnifu iliyowekwa maktaba, bango la mkutano au picha iliyowekwa mtandaoni havimtoshi buibui kupata jina, na kulitangaza mapema huleta mkanganyiko. Katika tasnifu tumia namba, mfano "Callitrichia spishi ya 3", mpaka makala itoke. Tangu mwaka 2012 makala ya kielektroniki inakubalika, kwa masharti kwamba imesajiliwa katika ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, na usajili huo uonekane ndani ya makala yenyewe pamoja na tarehe ya kuchapishwa. Wahariri wa majarida mengi ya uainishaji hushughulikia usajili, lakini hakikisha mwenyewe unaposoma nakala ya mwisho.

Majarida ya Zootaxa na ZooKeys huchapisha spishi nyingi za buibui kila mwaka. European Journal of Taxonomy haimtozi mwandishi wala msomaji, jambo lenye maana kubwa kwa asiye na bajeti ya utafiti. Soma uamuzi wa wahakiki kwa utulivu: anayekuuliza kwa nini hukuilinganisha spishi yako na ile ya mwaka 1915 anakuepusha na jina litakalofutwa.

Makala ikitoka, peleka nakala kwa wasimamizi wa World Spider Catalog ili spishi iingizwe, weka mifuatano ya vinasaba katika GenBank, hazina ya wazi ya vinasaba, ikiwa na namba za sampuli zilezile zilizomo kwenye makala, na uweke lebo nyekundu ya holotaipu ndani ya kichupa kabla ya kukikabidhi makumbusho. Nakala nyingine, ikiwa na picha ya rangi na ufupisho wa Kiswahili, ifike katika ofisi ya hifadhi iliyokupa kibali na katika ofisi ya kijiji ulikojitambulisha. Wale wanaopita msituni humo kila siku ndio watakaokuwa wa kwanza kukuarifu akionekana upande wa pili wa mlima.